Angalia kopo kabla ya kuuliza bei

Hotuba kwa wanunuzi na wauzaji wa masoko ya Bukavu

Wamama, wapapa, vijana, na ninyi mliofunga meza zenu mapema ili mfike hapa: karibuni, na asanteni.

Soko letu ni zuri. Asubuhi pale Kadutu lengalenga bado ina umande, nanasi za Idjwi zinanukia kabla hujaziona, na maharagi yamefunguliwa viroba kwa viroba, mekundu, ya manjano, meupe, ya madoadoa. Chini ufukweni, Muhanzi, mashua zinashusha ndizi na samaki. Hatukuja kuwaambia muogope soko. Anayelifurahia ndiye anayenunua vizuri, maana anatazama, ananusa, anagusa. Anayekwenda mbiombio na njaa tumboni ndiye anayerudi na kapu limejaa na jikoni hakuna chakula.

Neno tulilokuja nalo ni moja. Tumezoea kupigania bei na kusahau kipimo. Mama anabishana robo saa mpaka apunguziwe franka 200, anaondoka anatabasamu, kumbe kitako cha kopo la kupimia kilishachukua zaidi ya hizo 200 kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo tuanze na kopo lenyewe.

Chukueni kopo la upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 15. Likiwa zima linabeba karibu lita 1.7. Lita moja ya maharagi makavu ina uzito wa gramu 750 hadi 800 hivi, kwa hiyo kopo hilo likikatwa sawa juu linatoa kilo 1.3. Sasa kitako kizima kipandishwe ndani kwa sentimita moja na nusu tu. Moja ya kumi imekwenda, gramu 130 katika kila kopo. Ukinunua makopo kumi, umelipa kumi na kubeba tisa. Na macho hayaoni, kwa sababu sote tunatazama juu, pale maharagi yanapomwagika, wala hatutazami chini.

Kuna njia nyingine za kupunguza. Ubavu unagongwa ukaingia ndani. Karatasi ngumu inawekwa chini. Kidole gumba kinabaki ndani ya kopo wakati wa kuchota. Na kuna ile ya kumwaga upesi sana kabla kopo halijajaa. Zote dawa yake ni moja: liombe kopo, weka kiganja chini ya kitako, litazame ndani, kisha ndipo uulize bei. Sema kwa heshima: "Mama, naomba nione kopo." Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Wako wengi ambao wangefurahi kuulizwa, kwa sababu kopo lao zima linawagharimu kila siku mbele ya jirani mwenye kopo lililobonyea na bei ya chini kidogo.

Halafu kuna kilima, yale maharagi yanayopanda juu ya mdomo wa kopo. Kilima cha sentimita nne kwenye kopo hilohilo ni karibu gramu 115. Angalieni vizuri: kinakaribia kabisa kile kilichopotea kwenye kitako. Kwa hiyo usiambiwe kwamba kilima ni matabishi, yaani nyongeza ya bure. Kama kitako kimeingia, kilima kinarudisha tu chako. Matabishi ni ile konzi ya mwisho inayotupwa ndani ya mfuko baada ya kopo halali.

Unga una hila yake, na hapa si lazima mtu awe na nia mbaya. Unga uliotoka kuchekechwa umejaa hewa. Gonga kopo mara tatu juu ya meza, utauona unashuka vidole viwili. Kopo la unga uliokaa tangu jana na kopo la unga uliochekechwa sasa hivi si kitu kimoja, hata kama kopo ni lilelile. Omba ligongwe, kisha lijazwe tena.

Nyumbani muwe na kopo lenu mnalolijua. Lijaze maji kwa chupa ya nusu lita ukihesabu, ukwaruze alama kwa msumari. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna mizani inayobishana na hilo. Ukirudi sokoni, mimina ulichonunua ndani yake. Baada ya wiki tatu utajua meza zipi za kurudia, na hutahitaji kugombana na mtu.

Kwa haki, tuseme pia upande wa muuzaji. Yeye naye ananunua kiroba kilichoshonwa akiambiwa ni kilo fulani, bila kupima. Analipa mbebaji, analipa nafasi, analipa kodi ya siku. Anapopunjwa juu, upungufu unateremka mpaka kwenye kopo. Ndiyo maana mizani inamfaa yeye kuliko hata mnunuzi. Wauzaji watano wakichangia mizani moja ya kuning'iniza, kila kiroba kinapimwa kabla ya kulipwa.

Sasa maharagi, kwa sababu ndiyo yanayobeba nyumba nyingi hapa. Yana kalenda. Yanayopandwa Septemba yanavunwa kuanzia mwisho wa Desemba hadi Januari, na yanayopandwa Februari na Machi yanavunwa Juni. Bei inalegea baada ya mavuno hayo mawili na kukaza kamba Novemba, na tena Aprili na Mei, wakati ghala za Kabare na Walungu zimebaki na mbegu tu. Mwenye nafasi anunue ya miezi miwili mwezi Julai au Februari. Lakini hapo ndipo kishawishi kinapokaa, maana maharagi mapya mara nyingi yanauzwa kabla hayajakauka. Ni mazito kwa ajili ya maji, na nyumbani yanaota ukungu.

Kuna jaribio rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo, tia maharagi mpaka robo, funga, tikisa dakika tatu, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, maharagi bado yana unyevu, yanunue ya kula wiki hii tu. Chumvi ikibaki inateleza, unaweza kuweka akiba. Sokoni kwenyewe tumia jino: kavu linakatika kwa kishindo, bichi linaacha alama ya jino.

Upande wa pili kuna maharagi ya zamani, ya bei nafuu, yenye rangi iliyofifia au iliyogeuka kahawia. Hayo yamekaa mahali pa joto na unyevu, na ganda na kiini vimekuwa vigumu. Hata ukiyaloweka usiku kucha yanakataa kulainika. Na sisi wa Bukavu tuna taabu ya ziada. Mji uko karibu mita 1500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mwenzetu wa Uvira, kule chini, anaivisha upesi kuliko sisi kwa maharagi yaleyale. Yanayoiva kwa saa moja na nusu na yanayotaka saa tatu yana tofauti ya makala, yaani makaa ya kupikia, na makala yana bei. Kabla ya kufurahia kopo la bei ndogo, jumlisha na makala yake. Mara nyingi maharagi ya bei nafuu ndiyo ghali.

Tazama pia tundu ndogo za mviringo. Tundu moja maana yake mdudu amekwisha kutoka, na wenzake wako ndani ya maharagi yanayoonekana mazima. Ukipata unga mwembamba chini ya kiroba, acha. Akiba yako itie kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, ya lita 20 iliyokauka, nayo inabeba kilo 15 hivi. Ijaze mpaka shingoni bila kuacha nafasi ya hewa, weka kipande cha plastiki chini ya kifuniko, kaza, na usifungue kwa mwezi. Wadudu wanakosa pumzi wanakufa, bila dawa yoyote. Bidoni iliyojazwa nusu haifanyi kazi hiyo, imebaki na hewa ya kutosha kuwalea.

Na ninyi mnaopika kwa moto mdogo ili kubana makala: maharagi mekundu yachemke kwa nguvu dakika kumi kwa uchache kabla ya kupunguza moto. Yana sumu inayoharibu tumbo, na moto wa uvuguvugu hauiui.

Twende ziwani. Sambaza, wale samaki wadogo, si wa asili ya ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya wazi. Leo wanavuliwa usiku, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na taa zinazowavuta juu ya wavu. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kutazama mbinguni. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa lote, samaki hawakusanyiki kwenye taa, wavu unatoka mwepesi na asubuhi bei inapanda. Usiku wa giza, mwezi ukiwa umeandama au umefichwa na mawingu mazito, wanapatikana tele. Panga siku zako za sambaza wabichi kwa giza la mwezi, na wiki ya mwezi mpevu ule maharagi, mayai au sambaza wakavu uliojiwekea.

Sambaza mbichi anaharibika kutoka tumboni. Majimaji ya utumbo wake yanayeyusha ngozi ya tumbo ndani ya saa chache, zaidi sana kama ameachwa juani. Kwa hiyo usitazame mng'ao peke yake, kwa sababu maji ya kunyunyiziwa yanamng'arisha hata aliyelala. Shika mmoja, bonyeza tumbo kidogo: liwe gumu, lisipasuke. Fungua shavu, ndani pawe pekundu. Jicho liwe wazi, lisiwe na utando. Kisha mwambie muuzaji amwage maji ya bakuli kabla ya kupima, kwa maana hukuja kununua maji ya ziwa kwa bei ya samaki. Fungu la sambaza wabichi linalopunguzwa bei jioni ni kishawishi cha kukataa bila kujadili. Nyanya za jioni unaweza kuziokoa kwenye sufuria. Samaki huyo hapana.

Wakavu nao wana hesabu yao. Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu, kwa hiyo karibu kilo nne za wabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya wakavu. Ukiona bei ya wakavu imeshuka ghafla wakati wabichi ni haba, jiulize. Huenda hawajakauka: mkunje mmoja, akipinda badala ya kukatika bado ana maji, na kesho atakuwa na ukungu. Huenda wamekaushwa chini na wamebeba mchanga: tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, acha kidogo, ukaone kilichotulia chini. Mchanga una uzito, na unalipiwa kama samaki.

Katika unga wa muhogo tunawaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa hapa kosa si la franka. Muhogo mchungu una sumu inayotoka kwa kulowekwa siku tatu au nne na kukaushwa vizuri. Bei inapopanda, au njia zinapofungwa, muhogo unaharakishwa: unalowekwa siku moja, unasagwa, unaletwa sokoni mweupe na mzuri wa macho. Nyumba inayoula kila siku bila samaki, nyama wala maharagi iko hatarini kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla wala haurudi nyuma, na unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Si habari ya mbali. Umewahi kuandikwa hapa mkoani kwetu, kule Burhinyi.

Unga onja kidogo ulimini kabla ya kununua. Uchungu ni neno la kusikilizwa. Na kama huna uhakika na unga uliokwisha kuununua, fanya hivi. Tia unga kwenye beseni, weka alama pale ulipofikia. Ongeza maji huku ukichanganya: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye ile alama, simamisha maji. Tandaza uji huo mzito juu ya mkeka safi au sinia, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inatoka hewani yenyewe. Kisha pika bugali siku hiyohiyo, kwa unga huo uliolowa. Haubadilishi ladha kwa ubaya, na haugharimu hata franka moja.

Sombe ni ndugu wa jambo hilo. Majani ya muhogo yana sumu ileile, na kutwanga ndiko kunakoifungua. Kishawishi ni ile iliyokwisha kusagwa, iliyofungwa kwenye mifuko tayari. Inarahisisha, hatukatai, lakini nunua majani kwanza, yale machanga ya kileleni, kisha simama pale yanaposagwa. Sombe ya kijani kibichi ni ya leo. Iliyogeuka kahawia na kunuka uchachu imelala. Ipikwe kwa muda mrefu, sufuria wazi mwanzoni ili mvuke utoke, na mawese yaingie baadaye.

Mawese yanayotufikia kutoka Bunyakiri na Mwenga yanasemwa vibaya bila sababu. Asubuhi ya baridi unakuta chini ya chupa kuna kitu kizito cha rangi ya chungwa na juu mafuta mekundu ya kumwagika. Huo si udanganyifu, ndivyo mawese yalivyo: sehemu yake inaganda kwenye baridi ya mji kama huu. Omba tu yakorogwe kabla ya kupimiwa, upate yote mawili. Udanganyifu ni maji. Nunua kwenye chupa angavu, iache usiku mmoja bila kuitikisa. Kama chini kabisa, chini ya ile sehemu nzito, kuna tabaka la maji au tope, umeliona. Na mafuta yenye maji yanarukaruka kwenye sufuria mara tu yanapopata moto. Onja tone: yakikwaruza koo, yamekaa mno. Na tafadhali msiyaunguze mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio wenye vitamini A ya watoto wenu.

Mafungu ya nyanya na vitunguu tuyapitie haraka. Fungu linajengwa na nzuri mbele. Omba kuona za nyuma. Nyanya kumi zenye tatu mbovu ni nyanya saba kwa bei ya kumi, basi linganisha hivyo na fungu la jirani. Mboga iliyonyunyiziwa maji barabarani, osha tena kwa maji safi hata kama inaonekana imeoshwa. Kipindupindu kinajua njia ya mji wetu.

Matunda ndiyo kishawishi kitamu kuliko vyote, na hapa tunawapa ruhusa. Nanasi inunuliwe kwa pua, kwenye kitako chake: ikinukia utamu ni ya leo, ikinukia pombe imepita. Avoka tatu zilizoiva pamoja zitaoza pamoja. Chukua moja laini ya leo, moja inayoanza kulegea, na moja ngumu ya siku nne zijazo, uwe na avoka wiki nzima. Kikonyo kidogo kikitoka kwa kidole na chini pakiwa kijani, ni nzuri. Pakiwa kahawia, ndani kuna madoa.

Kwenda soko la Mudaka kutafuta bei ya shambani kunafaa, lakini gawanyeni nauli kwa makopo. Nauli ya kwenda na kurudi ikibebwa na makopo matano, akiba imekufa njiani. Ikibebwa na makopo 60 ya watu sita waliochangia kiroba, kila mtu anaisikia mfukoni. Pesa ya posho iwe imetengwa tangu nyumbani, noti ndogo mbele, na dola iliyochanika hata kidogo usiibebe, kwa maana itakataliwa wakati kapu limekwisha kujaa. Anzeni na vizito na vikavu: maharagi, unga, mafuta. Matunda yawe mwisho, kwa pesa zilizobaki.

Mizani iko hapa mezani, pamoja na ndoo ya maji na rangi nyekundu. Waliokuja na makopo wasogee, wauzaji kwanza, maana saa kumi na mbili asubuhi wanatakiwa wawe Kadutu. Kila kopo litajazwa maji tuone linabeba lita ngapi, halafu maharagi, halafu unga uliogongwa mara tatu, na uzito utaandikwa ubavuni mbele ya watu wote.